Programu Huria au ya Leseni? Mwongozo Kamili kwa Afisa TEHAMA wa Halmashauri

Barua ya kuongeza muda wa leseni ina tabia moja: hufika Mei au Juni, OC (fedha za matumizi mengineyo) imekwisha, mapato ya ndani yameshapangiwa madawati, na Mkurugenzi yuko njiani kwenda Mtumba kujibu hoja. Unaitwa ofisini kwake unaulizwa swali la dakika moja: "Hii tukiacha kulipa, inakuwaje?" Kama huna jibu siku hiyo, umeshachelewa. Jibu lake lilitakiwa kuandikwa siku mfumo ulipochaguliwa.

Nimefanya kazi hii katika halmashauri za kanda ya kati muda wa kutosha kukosea pande zote mbili. Nimeshiriki kununua programu iliyotufunga mikono, na nimesimika programu huria iliyokufa mara tu nilipohamishwa. Mwongozo huu nauandika kwa mwenzangu wa Bahi, Chemba, Manyoni au Mpwapwa, mwenye seva moja, wasaidizi wawili ambao mmoja anajitolea, na kikao cha menejimenti wiki ijayo. Kila hatua hapa chini inazunguka swali moja: nani ataondoka, na akiondoka kinabaki nini?

Kabla ya hatua yoyote: tuelewane maneno

Wafugaji wa huku wana desturi ya zamani ya kumkabidhi jirani ng'ombe amtunze. Maziwa unakunywa, samadi unapeleka shambani, hakuna wa kukuuliza. Lakini kumuuza huwezi, kumchinja huwezi, na mwenyewe akija kumdai unamfungulia kamba. Leseni ya programu ya miliki, yaani ile ya kampuni unayolipia ruhusa ya kuitumia tu, ni hivyo hivyo. Pesa uliyolipa ni ya maziwa.

Programu huria ni ng'ombe uliyepewa moja kwa moja, na ndama wake ni wako. Leseni yake inakupa haki nne: kuitumia kwa kazi yoyote, kusoma msimbo wake (maandishi yanayoiunda programu), kuurekebisha, na kumgawia mwingine. Ila majani, dawa ya kupe na mchungaji ni juu yako, na ikifika Septemba huku kwetu majani ni ya kutafuta. Wanaosema "huria maana yake bure" hawajawahi kuchunga.

Kuna kundi la tatu ambalo watu hulichanganya na huria: mfumo uliojengwa na wataalamu wa ndani. MUSE, unaotumika kwa malipo ya serikali, ulijengwa na wataalamu wa serikali yenyewe na ni mali ya serikali. Hilo ni jambo jema, lakini halimaanishi kwamba wewe unaweza kuuchukua msimbo wake na kuubadilisha. Na mfumo mdogo uliojengwa na kijana mmoja kwa mkataba wa miezi sita, msimbo wote ukiwa kwenye kompyuta yake ya mkononi, sio huria wala sio wa ndani. Ni wa huyo kijana.

La nne nalitaja kwa sauti ya chini: nakala za wizi. Kompyuta inaletwa haina kitu, fundi anaitwa na flashi yake, jioni kila kitu "kimewezeshwa". Unapofanya ulinganifu wa gharama, usikubali nakala hizi zihesabiwe kuwa programu ya miliki ya shilingi sifuri. Nimeona kikao kizima kikikataa huria kwa hoja kwamba "tuliyonayo haitugharimu kitu".

Hatua ya 1: Hakikisha uamuzi ni wako

Mambo mengi yameshaamuliwa juu yako, na ni vizuri kuyajua kabla hujapoteza wiki tatu kuandika andiko. Mhasibu atatumia MUSE. Ununuzi unapita NeST. Malipo ya wananchi yanapita GePG kwa namba ya malipo. Mapato na leseni za biashara zina TAUSI ya TAMISEMI, mipango na bajeti ina PlanRep. Takwimu za afya zinaingia DHIS2, ambayo ni programu huria yenye chimbuko Chuo Kikuu cha Oslo, na inatumika katika nchi nyingi za Afrika. Kwa hiyo diwani akikuambia "huria haijawahi kufanya kazi serikalini", mwulize ripoti ya chanjo ya kata yake ilipita wapi.

Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya 2019 iliipa Mamlaka ya Serikali Mtandao, e-GA, kazi ya kusimamia miradi ya TEHAMA ya taasisi za umma, na mradi unatakiwa upite kwao kabla ya kutekelezwa. Hawa hawako mbali, makao yao ni Dodoma hapa hapa. Andika mapema. Swali la kwanza watakalokuuliza ni kama mfumo wa namna hiyo haupo tayari mahali pengine serikalini, na mara nyingi upo.

Ukishaondoa hayo yote, kinachobaki mikononi mwako ni mfumo endeshi wa kompyuta za ofisi, programu za kuandikia barua na majedwali, ramani za mipango miji, uhifadhi wa nyaraka, bakapu, usimamizi wa mtandao wa ndani, na vimfumo vidogo vya idara. Si haba. Ndiko pesa ndogo ndogo zinakovujia.

Hatua ya 2: Pita ofisi kwa ofisi

Usitume fomu. Ukituma fomu, kila idara itajibu "Microsoft Office" na kurudisha. Pita mwenyewe na daftari, kaa pembeni ya mtumiaji dakika kumi, uone anachofanya hasa. Utagundua kwamba watumishi wengi wanaandika barua, wanafungua PDF, na wanajaza jedwali lililotumwa na mtu mwingine.

Hilo la mwisho ndilo la kuandika kwa kalamu nyekundu. Idara ya mipango na idara ya uhasibu hupokea majedwali ya Excel kutoka juu, mengine yana makro (amri zinazojiendesha zenyewe) ndani yake. LibreOffice, programu huria ya ofisi, inafungua Excel, lakini makro mara nyingi hugoma au kutoa jibu lisilo sahihi bila kelele. Huna mamlaka ya kubadilisha jedwali la wizara. Kwa hiyo meza hizo mbili tatu ziandikie leseni halali na uendelee na safari. Vilevile Injinia na michoro yake ya DWG: mwache na programu yake ya uchoraji. Nimewahi kubishana na injinia mmoja miezi miwili kuhusu jambo hili na yeye ndiye alikuwa sahihi.

Andika pia toleo la kila mfumo endeshi. Windows 10 ilifikia mwisho wa matengenezo ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za halmashauri ni za zamani mno kukubali Windows 11. Hapa ndipo swali la huria linapokuja lenyewe bila kuitwa: ama ununue kompyuta mpya arobaini, ama uweke Linux, mfumo endeshi huria, kwenye zilizopo, ama uendelee kukaa na mlango usio na komeo. Hesabu ngapi ziko katika hali hiyo. Namba hiyo moja itakusaidia kikaoni kuliko hotuba.

Hatua ya 3: Andika hitaji bila kutaja jina la bidhaa

Andiko likisema "programu ya kuandikia ya kampuni fulani", umeshachagua kabla ya zabuni, na mkaguzi ana haki ya kukuuliza. Andika kazi: "iweze kufungua na kuhifadhi nyaraka za DOCX (muundo wa Microsoft) na ODT (muundo wa LibreOffice), ifanye kazi bila intaneti, iwe na ukaguzi wa tahajia ya Kiswahili, watumiaji 60." Baada ya hapo acha zote zishindane, huria na ya miliki.

Kwa hilo la Kiswahili, tukumbuke hatuanzi leo. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Iliwezekana kwa sababu msimbo ulikuwa wazi, hakuna aliyeombwa ruhusa.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya miaka mitano

Nachukua mfano wa kufikirika, wewe weka bei zako. Tuseme una watumiaji 60 wa programu za ofisi, na leseni ya mwaka ni shilingi 150,000 kwa kila mmoja.

Upande wa miliki: 9,000,000 kwa mwaka, mara miaka mitano ni 45,000,000. Weka mafunzo mafupi 3,000,000. Jumla 48,000,000. Kumbuka leseni nyingi hupangiwa bei kwa dola, kwa hiyo shilingi ikishuka namba hiyo inapanda bila mtu yeyote kukuandikia barua.

Upande wa huria: leseni sifuri. Mafunzo ya mwaka wa kwanza pamoja na posho, 12,000,000, na usiniambie utayafanya bila posho. Kuhamisha violezo vya barua na majedwali ya zamani, 5,000,000. Mtaalamu wa kuitwa mnapokwama, 4,000,000 kwa mwaka, yaani 20,000,000. Jumla 37,000,000.

Tofauti ni milioni kumi na moja. Sio sifuri dhidi ya arobaini na nane kama vijana wa huria wanavyopenda kusema, na sio sawa kwa sawa kama muuzaji atakavyosema. Na sasa angalia kitakachotokea kwenye kikao cha bajeti: mstari wa mtaalamu wa kuitwa utakatwa. "Si umesema ni bure?" Wataondoa milioni ishirini, andiko lako litang'aa kwa milioni kumi na saba, na mwaka wa pili mfumo utasimama. Mstari huo upiganie kuliko mstari mwingine wowote. Ukikatwa, ni heri uchague ya miliki kuliko huria isiyo na mchungaji. Nalisema hili nikiwa mpenzi wa huria.

Halafu ongeza mstari ambao hakuna anayeuweka: gharama ya kutoka. Siku tukiamua kuacha mfumo huu, kuhamisha data kutachukua siku ngapi, watu wangapi, na je, muuzaji anatoza? Ukikosa jibu kwa maandishi, andika neno "haijulikani" kwenye jedwali lako. Waheshimiwa huliona.

Hatua ya 5: Jaribu mlango wa kutokea kabla ya kuingia

Hapa ndipo nitakaa, kwa sababu hapa ndipo niliungua.

Halmashauri moja niliyowahi kufanya kazi ilikuwa na mfumo wa kukusanya ushuru wa mazao uliokodishwa kwa kampuni moja. Mashine za POS kwenye mageti, ripoti safi kila jioni, Mweka Hazina anafurahi. Msimu wa alizeti ulipita vizuri. Mkataba ukaisha, mazungumzo ya bei mpya yakakwama, na Jumatatu moja asubuhi nywila zetu zikakataa. Seva ilikuwa yao, mahali tusipopajua. Tulipoandika barua kudai kumbukumbu zetu za miaka mitatu, walituletea. Zilikuwa faili moja la PDF, kurasa zaidi ya elfu moja. Kisheria walikuwa wametupa data. Vijana wanne wa mafunzo kwa vitendo walikaa wiki saba wakiingiza tarakimu kwa mkono, na hoja ya ukaguzi ilikuja hivyo hivyo.

Somo la mbunge mmoja wa Peru lingetusaidia. Mwaka 2002 Edgar Villanueva aliijibu barua ya Microsoft iliyopinga muswada wake wa programu huria serikalini, na hoja yake haikuwa bei. Alisema mwananchi ana haki ya kuzifikia taarifa za umma bila kumtegemea muuzaji mmoja, data za umma lazima zidumu, na usalama wa dola hauwezi kukaa kwenye kitu ambacho dola haiwezi kukikagua. Ukisoma hayo baada ya kuhesabu PDF ya kurasa elfu moja, unaelewa.

Kwa hiyo kabla ya kusaini chochote, fanya jaribio hili la nusu siku. Omba akaunti ya majaribio. Ingiza rekodi 200 za kubuni. Sema: "Sasa nataka kuzitoa zote." Zitoke kwa CSV (jedwali la maandishi matupu linalofunguka popote) au kwa nakala kamili ya kanzidata, pamoja na maelezo ya kila safu ina maana gani. Zichukue, zifungue kwenye kompyuta nyingine kabisa, na uhesabu kama ni 200. Viambatisho navyo vitoke, sio maandishi peke yake. Muuzaji akisema "hiyo tutaifanya mkishasaini", funga daftari.

Jaribio hili lifanye pia kwa huria. Kuna programu huria ambazo kutoa data zake ni kazi ya fundi wa siku tatu. Uhuria wa msimbo sio uhuria wa data.

Kwa nyaraka za ofisi, kiwango cha ODF, ambacho ile ODT ni sehemu yake, kimekuwa kiwango cha kimataifa cha ISO tangu 2006, na Uingereza ilikichagua mwaka 2014 kuwa cha kushirikishana nyaraka za serikali zinazohaririwa. Cha Microsoft nacho kilipitishwa na ISO mwaka 2008. Huhitaji kuamua vita hivyo. Weka utaratibu wa ndani: nyaraka ya kuhifadhi miaka mingi iwe PDF pamoja na nakala inayoharirika ya ODF, basi.

Ramani ndiyo sehemu ambayo huria imeshinda waziwazi kwa maoni yangu. QGIS inafanya karibu kila kitu ambacho Afisa Mipango Miji wa wilaya anahitaji, inasoma mafaili ya zamani ya programu za miliki, na kijana aliyetoka chuo anaifahamu. Ukitafuta pa kuanzia, anzia hapo.

Hatua ya 6: Vifungu vya mkataba

Mwanasheria wa halmashauri atakagua lugha. Wewe ndiwe wa kumwambia nini kiwemo. Nitaje vile ambavyo kukosekana kwavyo nimekuona kukiuma.

Data ni mali ya halmashauri, inatolewa ndani ya siku 14 za maombi, kwa muundo uliotajwa kwa jina, bila malipo ya ziada, hata kama kuna mgogoro wa malipo. Maneno "hata kama kuna mgogoro" ndiyo yenye uzito wote.

Nywila za juu kabisa za seva zinakaa kwa halmashauri kuanzia siku ya kwanza, sio siku ya makabidhiano.

Kama halmashauri inalipia kujengewa mfumo, msimbo wote unakuwa mali yake na unawekwa kwenye hazina ya msimbo inayoshikiliwa na halmashauri kila mwezi, si mwisho wa mradi. Malipo ya kila awamu yafungwe kwenye hilo. Na mtu wako auchukue huo msimbo ausimike upya kwenye mashine tupu. Msimbo usiosimikika ni karatasi.

Muuzaji aorodheshe programu huria zote alizotumia ndani ya mfumo wake na leseni zake. Nimekutana na mfumo "wetu wenyewe" wa mamilioni ambao ulikuwa programu huria ya bure iliyobadilishwa rangi na nembo. Kuuza huduma juu ya huria si kosa hata kidogo, ila ungejua, ungelipia huduma na sio "leseni". Leseni huria za jamii ya MIT na Apache zinamruhusu kuficha msimbo wa marekebisho yake. Leseni huria ya GPL inamtaka akikupa programu akupe na msimbo. Hiyo ni tofauti ya kuidai kwenye mkataba.

Mwisho, kama kuna taarifa za watu, na karibu kila mfumo wa halmashauri unazo, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Uliza seva iko nchi gani. Jibu la "iko kwenye wingu" si jibu.

Hatua ya 7: Watu wawili, daftari moja

Sasa kosa langu mwenyewe. Nilisimika mfumo huria wa kuhifadhia na kugawana nyaraka. Niliujenga usiku baada ya kazi, nikiwa na furaha zangu zote. Miaka miwili ulienda vizuri, Katibu Muhtasi wa Mkurugenzi, mama mmoja aliyekaribia kustaafu, ndiye alikuwa mtetezi wake mkubwa. Kisha ikaja barua ya uhamisho, siku saba, niripoti Singida. Nywila zilikuwa kwenye daftari langu. Maelekezo yalikuwa kichwani. Miezi minne baadaye diski ilijaa, mfumo ukagoma, na aliyenipokea, ambaye simlaumu, aliifuta seva nzima akaweka alichokijua. Yule mama alinipigia simu: "Baba, ile kabati yetu wameichoma."

Kampuni ya miliki ingekuwa na namba ya simu ya kupigia. Mimi nilikuwa ndiye kampuni, na kampuni ilihamishwa.

Katika utumishi wetu uhamisho ni kama mvua, unajua utakuja, hujui siku. Kwa hiyo kanuni yangu sasa: mfumo ambao mtu mmoja tu anaujua hauwekwi. Wawili wafanye kila kazi, na kila robo mwaka yule wa pili ndiye arudishe bakapu kwenye mashine tupu wakati wa kwanza amekaa mikono mfukoni. Daftari la mfumo liandikwe kwa Kiswahili cha kawaida, lichapwe, nakala moja iwe masjala ya siri pamoja na bahasha ya nywila. Andika hatua, sio maelezo: "Bonyeza hapa, subiri taa, ukiona neno hili fanya vile."

Chagua teknolojia ambayo mrithi wako atakuwa ameisoma. Vijana wa CIVE, ndaki ya TEHAMA pale UDOM, wanatoka wakijua PHP, Java, MySQL na PostgreSQL. Lugha mpya uliyoipenda mtandaoni mwezi uliopita, iache nyumbani.

Hatua ya 8: Usalama, kwa ufupi

Kila upande utakuja na kisa cha kuumbua mwenzake. Desemba 2021 tundu la Log4j, maktaba ndogo huria, lilitikisa dunia. Machi 2024 mtu aliyejijengea uaminifu kwa miaka alikutwa amepenyeza mlango wa siri kwenye XZ, programu ya kubana mafaili, nayo huria. Aligunduliwa na mhandisi wa Microsoft aliyeshangaa kuona seva inachelewa kwa sehemu ya sekunde. Julai 2024 sasisho bovu la CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta yenye programu ya miliki, lililaza kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5.

Kwako maswali ni mepesi zaidi. Nani anasakinisha masasisho, siku gani, kwa intaneti ipi? Kompyuta 60 zikipakua kila moja kivyake zitaua mtandao wa ofisi. Weka mashine moja ipakue, nyingine zichukue kwake. Hilo linawezekana pande zote mbili. Na vumbi la Dodoma limeua seva nyingi kuliko wadukuzi, kwa hiyo ziba madirisha ya chumba cha seva na upulize feni kila mwezi.

Hatua ya 9: Anza na chumba kimoja

Miji mikubwa imetufundisha mwendo. München, Ujerumani, iliamua mwaka 2003 kuhamia Linux, ikafikia takribani kompyuta 15,000 kufikia 2013, na mwaka 2017 baraza likapiga kura kurudi Windows. Wengine wanalaumu siasa, wengine usimamizi wa TEHAMA uliogawanyika idara kwa idara. Polisi wa Gendarmerie wa Ufaransa walikwenda taratibu: mwaka 2005 walibadilisha programu ya ofisi peke yake wakiwa bado kwenye Windows, kisha kivinjari na barua pepe, halafu kuanzia 2008 ndipo mfumo endeshi. Mtumishi alipoletewa Linux, alikuta programu zote anazozifungua kila siku ziko pale pale. Wao bado wako huko na makumi ya maelfu ya kompyuta. Jimbo la Schleswig-Holstein, Ujerumani, nalo lilitangaza mwaka 2024 kuhamisha kompyuta zipatazo 30,000.

Iga Ufaransa. Miezi mitatu ya kwanza weka LibreOffice kando ya iliyopo kwenye idara moja isiyo na presha ya fedha: maendeleo ya jamii, au mipango miji na QGIS yao. Usianzie uhasibu mwezi Juni. Usianzie kwa Mkurugenzi ukidhani atakuwa mfano. Barua moja ikiharibika mpangilio siku ya kikao cha baraza, mradi umekwisha. Weka daftari la malalamiko mezani, kila lalamiko na tarehe. Yakiwa yanapungua kufikia wiki ya nane, panua. Yasipopungua, simama utafute sababu, na uwe tayari kurudi nyuma bila aibu.

Hatua ya 10: Ukurasa mmoja kwa Mkurugenzi

Andiko refu weka kiambatisho. Ukurasa wa mbele uwe na mambo matano: tunachohitaji, jumla ya miaka mitano kwa kila chaguo, gharama ya kutoka kwa kila chaguo, watu wawili watakaousimamia, kwa majina, na barua ya e-GA. Usitumie neno "huria" kwenye kichwa cha habari. Litazua mjadala wa imani, na mjadala wa imani hauna bajeti.

Lipeleke kabla ya maandalizi ya bajeti kuiva, kwa kawaida Novemba, sio Machi ambapo tarakimu zimeshafungwa.

Mfumo ukishatulia miezi sita, fanya jaribio la mwisho. Omba likizo ya siku kumi, iwe ya kweli, uende Kondoa kwa wazazi au popote, na simu uizime. Kabla ya kuondoka mpe mwenzako karatasi ya kuandika kila mara ofisi ilipotaka kukutafuta na sababu yake. Ukirudi, karatasi hiyo ndiyo sura inayokosekana kwenye daftari la mfumo. Kaa naye muiandike wiki hiyo hiyo, kabla masjala hawajakuita kuchukua barua.